Nyumba Iliyoelekea Kusini

Nilipochaguliwa kusomea uhandisi, watu wazima wa mtaani kwetu, kisiwani Nosy Be, walianza kunisalimu kwa mikono miwili. Nilikuwa kijana ambaye ndevu zilikuwa bado hazijakubaliana na kidevu. Nchi ilikuwa imepata uhuru juzi tu, na kila mkutano ulisema kwamba Wafaransa wakiondoka, madaraja na barabara zitataka watu wa kuzijenga. Baba yangu alikuwa mchochezi wa moto kwenye mtambo wa kuchemshia maua ya mlangilangi yatoe mafuta. Alirudi nyumbani akinuka moshi na maua kwa pamoja, harufu ambayo mpaka leo ikinipitia puani huniondolea hamu ya kula. Yeye ndiye aliyesema mbele ya wageni, "Sisi tumechochea tu. Huyu atajenga." Mama alikuwa mlangoni na sinia la chai, akacheka kwa haya, kama mtu aliyesifiwa yeye.

Nyumbani tulisema Kimalagasi cha kaskazini, na bibi akikasirika alihamia Kikomori. Shuleni kilikuwa Kifaransa. Kiswahili tulikuwa na maneno yake tu, ya msikitini, ya baharini na ya kupima nguo dukani. Hiki ninachoandikia nilijifunza ukubwani, Tanga, nilikoishia kuwa karani wa ghala. Kwa hiyo yale watakayosema watu hapa ni yao, lakini lugha nimewavisha mimi.

Chuo kikuu chenyewe kilikuwa mji mkuu, juu kwenye baridi. Sisi tuliotoka upande wa kaskazini-magharibi tulifanya mwaka wa kwanza Mahajanga, katika madarasa ya kuazima, na walimu waliotumwa na chuo. Mwisho wa mwaka ulikuwa na mtihani. Ukifaulu, unapanda mji mkuu kuendelea. Ukianguka, unarudi kwenu na nafasi yako inakwenda kwa mwingine. Hakukuwa na kurudia mwaka. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, na ninaliandika mapema ili msomaji asije akadhani kwamba sikuambiwa.

Mimi kabla ya hapo bara nilikuwa sijapita Ankify, mashua zinakoteremsha watu. Sasa nikapanda meli ndogo ya pwani, nikatapika njia nzima, nikafika Mahajanga nikiwa na sanduku la mbao na kichwa nilichokuwa nikijivunia. Kichwa changu kilishika mambo. Tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani, nilichokisikia na kukirudia kwa kujisukasuka kilikaa. Sekondari nayo niliipita hivyo hivyo: historia kwa moyo, fizikia kwa moyo, hata majibu ya hesabu niliyashika pamoja na maswali yake. Walimu waliniita mwenye akili. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nilikuwa naelewa, nami sikuona tofauti.

Somo lililonimaliza lilikuwa la michoro. Kitu kimoja kinachorwa mara mbili, kikitazamwa kwa mbele na kikitazamwa kwa juu, na wewe kwa michoro hiyo miwili unatakiwa ukione chote kichwani, ukikate, ukigeuze, useme kitatokeaje upande usiouona. Wenzangu walilalamika wiki ya kwanza, kisha mmoja mmoja wakaanza kuona. Mimi nilifungua kitabu nikaishika michoro kwa moyo, ukurasa kwa ukurasa, nikijisukasuka kitandani kama niko chuo cha Kurani. Niliweza kuichora yote nikiwa nimefumba macho, mistari yote mahali pake.

Mwalimu alikuwa kijana wa Kifaransa, mwembamba, asiyefoka. Siku moja aliniita ubaoni. "Nichoree koni iliyokatwa mshazari." Nikaichora, nzuri, na darasa likanyamaza kwa uzuri wake. "Sasa ichore ikitazamwa kwa nyuma." Nikafuta. Nikachora ile ile.

"Hiyo ni ya kitabuni," alisema. "Nataka ya upande wa pili."

"Upande wa pili haumo kitabuni, bwana."

Hapo ndipo walipocheka. Mmoja wa nyuma akasema, "Mwacheni, anangoja ishuke kama aya." Mwalimu hakucheka. Aliniangalia kwa namna ambayo ingekuwa afadhali angecheka, akaniambia nikae.

Karatasi zetu zilirudishwa kwa kusomwa majina, kuanzia aliyepata alama nyingi. Jina langu lilifika wakati wengine wameshaanza kufunga mikoba.

Aliyekuwa akikaa karibu nami alikuwa mtu wa juu, wa milimani, aliyekuwa Mahajanga kwa sababu baba yake alihamishiwa huko kikazi. Alikuwa mdogo wangu kwa umri, mfupi, na joto lilimfanya awe mwekundu masikioni. Alasiri moja alinichukua kwao, akatoa muhogo wa kuchemsha jikoni, akauchonga kwa kisu uwe na ncha, akaukata mshazari.

"Unaona nini hapo kwenye mkato?"

"Naona muhogo."

"Na umbo lake?"

"La muhogo."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaanza tena, taratibu, na siku ile kwa muda mfupi sana niliona. Ile koni ilizunguka kichwani mwangu kweli, nikaona mgongo wake. Aliniambia nije kila alasiri. Nilikwenda mara chache, kisha nikaacha. Sisi wa pwani tulilelewa kuambiwa kwamba watu wa juu wanatudharau, na mimi nilikuwa nalishwa mihogo na mmoja wao kama mgonjwa. Hicho ndicho kisa chote. Hakunikosea kitu.

Nilikuwa nakaa kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu wa ziwa moja, katika mtaa wa Wakomori. Alikuwa mjane, akiuza mikate ya sinia asubuhi, na nyumba ilikuwa yake, maana kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huingia tu. Alikuwa na binti mmoja, na huyo kwa desturi zetu hakuwa binamu yangu bali dada yangu hasa. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa watu wenye heshima, na harusi ilikuwa ile kubwa, ambayo mtaa mzima hula na wazee hupanda cheo kwayo. Harusi hiyo haisimami bila nyumba ya bibi harusi, na nyumba hiyo huijenga kaka zake na wajomba zake. Wajomba walikuwa makaburini. Kaka nilikuwa mimi.

Mtaani waliniita Injeniera. Muuza samaki aliniita hivyo, mwadhini aliniita hivyo. Nilikuwa nikitoka darasani nimesomwa wa mwisho, na nikikata kona ya kwanza ya mtaa naanza kuinuliwa. Msomaji asishangae nilikoanza kupenda kukaa.

Mama mdogo aliniambia uani, mbele ya wanawake waliokuwa wakimsaidia kupepeta mchele.

"Mwanangu, dada yako hana kaka mwingine. Nilikuwa nalia usiku nikisema nani atamjengea. Kumbe Mungu ananiletea kaka mwenye kalamu."

"Mama mdogo, hatujafika kwenye nyumba. Tunasoma hesabu tu."

"Hesabu za nini, kama si za nyumba?"

"Za kukata koni," nilisema.

"Basi tukatie na ukuta," alisema mwanamke mmoja, na wakacheka wote, nami nikacheka nao.

Palikuwa na nafasi ya kusema: ninaanguka, mama mdogo, na nisiposhika masomo sasa nitarudishwa. Angenielewa. Angemtafuta fundi wa mtaani, kama mitaa yote inavyofanya, na nyumba ingekuwa nyumba. Nilisema inshallah.

Katika kabati la shule palikuwa na kitabu cha Kifaransa cha ujenzi wa nyumba za kawaida. Nilichagua nyumba iliyonipendeza, nikaishika kama nilivyoshika kila kitu, nikaichora upya kwa wino mweusi kwenye karatasi kubwa. Kitabu kilieleza vizuri: vyumba vya kulala na sebule vielekee kusini, vipate jua; jiko, stoo na choo vikae upande wa kaskazini. Nikaweka hivyo hivyo. Ramani ilitoka safi kuliko kitu chochote nilichochora mwaka ule. Mama mdogo aliitia kwenye fremu akaitundika sebuleni, kando ya picha ya Makka, na wageni walisimama mbele yake wakitikisa vichwa. Hakuna aliyeweza kuisoma. Walikuwa wanasifu mistari.

Yule mwenzangu wa milimani alikuja siku moja kuniletea masomo niliyokosa, kwa sababu nilikuwa nimeanza kukosa. Akapewa chai na mkate, akainuka kuitazama ramani.

"Mshale wa kaskazini uko juu," alisema.

"Si ndivyo unavyokaa?"

"Na vyumba vya kulala umevielekeza kusini kwa nini?"

"Jua."

"Jua!" Akageuka akanitazama, uso mwekundu. "Mama yako mdogo anataka jua? Mahajanga? Halafu kwetu jua la kipupwe linapita kaskazini, rafiki yangu. Umemchorea nyumba mtu wa Paris. Na hiki kilicho upande wa kaskazini-mashariki ni nini?"

"Choo."

"Upande wa mababu?" Alishusha sauti. "Sisi tunakwenda kanisani tangu enzi za babu yangu, lakini hata sisi hatuwezi kuweka choo hapo."

"Hayo ni mambo ya watu wa mizimu," nilimwambia. "Humu wanakaa Waislamu. Nenda kale wali wako huko kwenu kwenye baridi, utuachie nyumba zetu."

Alikunja karatasi za masomo, akaziweka juu ya meza, akamshukuru mama mdogo kwa chai, akaondoka. Mama mdogo aliuliza kutoka jikoni, "Amesema nini yule?" Nikamjibu kwamba ameisifu.

Ninalifikiria jibu lile kuliko nyumba yenyewe. Mtu alikuwa amenigeuzia mchoro mbele ya macho, kama alivyougeuza muhogo, nami sikutaka kuona. Kibla chetu, sisi tunaoishi kusini namna hii ya Makka, kiko kaskazini. Mara tano kwa siku nilisimama nikaelekea huko. Nilijua kaskazini kwa paji la uso wangu, na sikuihusisha hata kidogo na mshale niliouchora mwenyewe.

Miezi ya ujenzi ilikuwa miezi yangu mizuri ya mwaka ule, na ni aibu kusema. Niliamka nikaenda uwanjani nyuma ya nyumba badala ya darasani. Mafundi wageni kutoka kusini waliniuliza hapa au pale, nami nikaonyesha kwa kidole. Kuta zilipanda, na kabla ya kutiwa mlango na kuchimbwa shimo, choo kilifanana na stoo tu. Mabati yakaja. Darasani nilipojitokeza siku moja moja, mwalimu alinisalimu kwa adabu kama mgeni aliyepotea mlango. Nilijua mtihani unakuja. Nilijua pia kwamba hata nikikaa na vitabu usiku na mchana sitauweza, maana muda wa kujifunza kuona ulikuwa umepita, na kukariri nilishaona mwisho wake. Kwa hiyo nilipandisha kuta.

Siku chache kabla ya mtihani, wanawake wa upande wa bwana harusi walikuja kuikagua nyumba, kama desturi inavyotaka. Kiongozi wao alikuwa shangazi wa kijana, mwanamke mzito, uso umepakwa liwa, anayetembea kama anayesukuma maji. Aligusa milango, akagonga mabati kwa fimbo, akasema mashallah mara nyingi. Mama mdogo alikuwa nyuma yake anatetemeka kwa furaha. Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa.

"Nitasali humu humu," alisema shangazi. "Niwe wa kwanza, iwe baraka. Nipeni mkeka. Kibla wapi?"

Mama mdogo akanyoosha mkono bila kufikiri, kama mtu anayeonyesha mlango wa nyumba yake. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye choo. Mlango wake ulikuwa wazi, fundi hajautia kitasa. Anayechuchumaa pale alikuwa anaelekea Makka sawasawa.

Mama mdogo hakuushusha mkono. Aliuacha hewani, kana kwamba kwa kuuacha kibla kingesogea.

Shangazi alitazama choo, akatazama chumba cha kulala, ambamo kitanda kingelaza miguu upande huo huo, kisha akanitazama mimi.

"Kaka wa bibi harusi," alisema, "umetujengea mihrabu yenye shimo."

Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja alianza, akafinywa. Walisali kwa mama mdogo, katika nyumba ya zamani, na baada ya kusali shangazi alisema kwa upole kwamba harusi itangoja mpaka choo kiondoke pale. Upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. Habari ilikuwa sokoni kabla ya alasiri.

Jioni dada yangu alilia chumbani na mama mdogo alikuja kunitafuta. Nilikuwa nimekaa juu ya matofali yaliyobaki. Nilidhani atanitukana. Aliketi kando yangu, akakunja leso yake magotini.

"Mafundi watabomoa," alisema. "Watakijenga upande wa pili. Ni ukuta tu. Wewe nenda kafanye mtihani wako."

"Nimeharibu mimi, mama mdogo. Nitengeneze mimi."

"Utatengeneza ukifaulu. Nenda. Nimemwahidi dada yangu kwamba nitakuangalia."

Alisema hivyo. Alinitazama machoni alipokuwa akisema, na akarudia asubuhi ya mtihani aliponiwekea chai. Nilijiambia sitasahau, na sikusahau. Nilichofanya ni kunyamaza.

Asubuhi ile yule wa milimani alipita kunichukua. Sijui kwa nini alipita baada ya niliyomwambia. Alinikuta uani nimeshika nyundo ya mafundi, nimefunga kitambaa kichwani.

"Twende," alisema. "Ukuta hautakimbia."

"Huoni? Hii ni nyumba ya dada yangu. Kwetu kaka haachi nyumba ya dada yake imesimama hivi."

"Mchana utarudi uibomoe. Hata ukikaa tu mle ndani, huwezi kujua kitakachotoka."

"Najua kitakachotoka."

Aliitazama ile nyundo. Akasema, "Basi hilo ndilo, si dada yako," akaondoka na vidaftari vyake kwapani. Alifaulu, akapanda mji mkuu. Nilisikia baadaye kwamba alijenga matangi ya maji huko kwao.

Mimi nilipiga ukuta. Vumbi la chokaa lilinijaa mdomoni na kila pigo lilinipa raha. Mle kwenye chumba cha mtihani sasa hivi jina langu linaitwa na halijibiwi, niliwaza, na hakuna atakayelisoma la mwisho. Mama mdogo alitokea mlangoni akaniona. Aliingia ndani, nikasikia akiondoa ile chai.

Harusi ilifanyika, na ilikuwa nzuri. Choo kilikuwa kimehamia kusini, mahali ambapo fundi yeyote wa mtaani angekiweka. Na ikawa hivi: mtaa ulinisifu. Wazee walisema mbele ya watu kwamba huyu ni kaka hasa, ameacha mtihani wa Wafaransa kwa ajili ya heshima ya dada yake. Nilivalishwa kilemba. Mama mdogo alikuwa upande wa wanawake anagawa halua. Alisikia. Angeweza kusema, "Nilimwambia aende." Angesema hivyo, ningekuwa mwoga mbele ya mtaa wote. Aliendelea kugawa.

Nilirudi Nosy Be na meli ile ile. Sifa zilikuwa zimenitangulia, lakini ng'ambo ya maji zilibadilika sura. Mama alinipokea mlangoni, hakunikumbatia.

"Mdogo wangu amekuzuia mtihani," alisema. "Nilimpa mwanangu asome, akamfanya kibarua wa harusi."

Nilijibu, "Kulikuwa na harusi, mama."

Ni maneno ya kweli, kila moja. Baba alikuwa amekaa ndani na nguo zake za kazi. Kesho yake alikwenda kwenye moto wake, na sikumsikia tena akisema lolote kuhusu kujenga.

Mama hakusema na mdogo wake tena. Kapu la halua na mikate lililoletwa na wasafiri kutoka Mahajanga alilirudisha bila kulifungua. Mama mdogo alituma salamu kila mwaka, na mama alisema, "Nimesikia," basi. Mama mdogo hakujitetea hata mara moja. Alikuwa ameahidi kuniangalia, akaendelea kuniangalia hivyo.

Mama mdogo alifariki Mahajanga nikiwa Tanga. Nilisafiri nikiwa tayari nina mvi, si kwa mazishi, niliyachelewa, bali kwa mama. Nikamkuta barazani, amepungua, macho yana ukungu. Nikaketi chini mbele yake, nikamweleza yote tangu koni ya ubaoni mpaka nyundo. Nikamwambia kwamba mama mdogo aliniwekea chai, akaniambia nenda, akaniambia mara mbili. Kwamba nilikuwa nimeshaanguka mtihani ule kabla haujaandikwa, na nilitafuta ukuta wa kujificha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautafuta uso wangu kwa kiganja, akanipapasa shavu kama nilipokuwa mdogo.

"Una moyo mzuri, mwanangu," alisema. "Amekufa, na bado unamfichia."